Urembo wa pikipiki: kitangulie kioo au breki?

Ukipita kwenye vijiwe vya bodaboda mjini Moshi, kwenye njia zinazopanda Kibosho, utaona pikipiki za namna mbili. Zipo zilizobaki kama zilivyotoka dukani. Na zipo zilizopambwa: saiti mira, vishikio vya mkononi, kava la siti, rimu na taa ndogo ndogo, vyote vya rangi moja, vyekundu kwa vyekundu au bluu kwa bluu. Vitu hivi huuzwa seti. Ukinunua kimoja, kitadai mwenzake.

Suala la kujiuliza, ndugu msomaji, ni hili: kijana anayetafuta riziki kwa pikipiki akitaka kununua seti hiyo, je, ni haki yake au ni israfu?

Wapo wanaojibu haraka kwamba huo ni upuuzi wa vijana. Jibu hilo si la haki. Qur'an, katika Suratun Nahl, inapotaja farasi, nyumbu na punda, inataja mambo mawili kwa pamoja: kwamba wameumbwa ili tuwapande, na kwamba ni pambo. Kwa hiyo kipando kizuri hakikuharamishwa. Na Mtume (saw) alipoulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, alieleza kwamba Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Tena tuwe wakweli. Kila Desemba magari hupanda milimani yakiwa na rimu zinazong'aa kuliko za bodaboda yeyote, na hatusikii mtu akiwakemea wenyewe. Kumsuta maskini kwa kioo cha pikipiki na kumsifu tajiri kwa gari lake si nasaha. Huo ni upendeleo.

Hata hivyo, kitu kuwa halali hakumaanishi kwamba wakati wake umefika. Hapa ndipo penye mzani.

Tuchukue mfano. Kijana ana pikipiki ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri wake, na mkataba ukiisha chombo kitakuwa chake. Ameweka akiba kidogo. Saiti mira moja imevunjika. Ya pili ni nzima. Akinunua moja inayofanana na ile nzima, atatumia fedha kidogo. Lakini dukani kuna jozi mpya ya kisasa, na ipo seti ya vishikio na taa inayoendana nayo. Akiichukua jozi, itabidi aking'oe kioo kizima na kukitupa, si kwa sababu kimeharibika, bali kwa sababu hakifanani na kipya.

Hilo ndilo la kutazamwa. Israfu haianzii kwenye bei tu. Inaanza pale tunapokihesabu kitu kizima kuwa kibovu kwa kosa la kutofanana. Mwandishi wa Ufaransa, Denis Diderot, alilieleza jambo hili mwaka 1769. Alipata joho jipya zuri la kuvaa nyumbani, na mara vitu vyake vingine vyote vikaonekana duni mbele ya joho lile. Akawa anabadilisha kimoja baada ya kingine, hadi akalijutia joho lake la zamani. Anayejua nguvu ya seti ataona kwamba kijana wetu hanunui vioo viwili. Ananunua mlolongo.

Je, kufanana kote ni kwa macho tu? Hapana. Muulize fundi yeyote. Cheni mpya ikifungwa kwenye sproketi zilizokwisha meno, huharibika mapema. Ndiyo maana hubadilishwa pamoja, cheni na sproketi ya mbele na ya nyuma. Breki shuu nazo hubadilishwa mbili kwa pamoja. Hiyo ni seti ya kazi. Na barabara ya Kibosho inaijua vizuri: kwenda ni mlima, kurudi ni mteremko, na masika yakiingia njia za vihambani zinageuka utelezi mtupu. Huko juu abiria ni mama mwenye mtoto, au mgonjwa anayewahishwa hospitali ya Kibosho. Roho zao ni amana mikononi mwa dereva. Rangi ya kioo haiisimamishi pikipiki kwenye mteremko.

Atasema kijana: abiria hupenda chombo kinachovutia, na mimi natafuta wateja. Hoja hii ina uzito, lakini usafi na kuwahi pia huvutia, na gharama yake ni maji na bidii. Jirani zetu Kenya walijifunza hili kwa shida. Matatu zao zilisifika kwa michoro na muziki, lakini mwaka 2004, zilipoanza kutumika kanuni za Waziri John Michuki, zililazimishwa kufunga mikanda ya abiria na vidhibiti mwendo. Mapambo yalikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni kinga.

Basi mwenye kutaka kununua ajiulize mambo manne. Kwanza, je, breki, tairi, cheni na taa kubwa ni nzima? Pili, je, nyumbani wamekula, na deni limelipwa? Tatu, je, chombo ni changu, au nakibadilisha bila idhini ya mwenyewe? Nne, je, pambo hili linamdhuru mtu? Kioo kidogo cha urembo kisichoonyesha nyuma, taa zinazomtia upofu anayekuja mbele, na eksozi ya makelele inayomwamsha mgonjwa, hayo si mapambo tena.

Mtume (saw) alitufundisha kwamba farasi huwa kwa watu wa aina tatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara ya kumkinga na kuombaomba, na kwa wa tatu, anayemfuga kwa fahari na kujionyesha, ni mzigo wa dhambi. Farasi ni yule yule. Kilichotofautiana ni nia ya mwenyewe. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo.

Na kama fedha zimebaki baada ya yote hayo, anunue apendacho bila kuona haya. Lakini kama anataka seti ya kuanzia, ipo moja ambayo wengi hawaikumbuki: kofia ngumu mbili zinazofanana, moja ya kwake na moja ya abiria wake. Hapo kufanana kuna maana kubwa, kwamba kichwa cha abiria kina thamani sawa na chake.