Ramadhani, siku ya 18: Jina la nani liandikwe?



Ndugu zangu wa Ipililo, na nyie mlio mbali mnaotufuatilia kwenye simu, swaumu inaendaje? Darasa la leo linanihusu mimi kwanza.

Mwaka jana tulipogawa unga, sukari na tende pale msikitini, aliyeshika simu ni mimi. Nilimpiga picha kila aliyepokea, nikazituma humu humu. Nia ilikuwa waliochanga waone kwamba amana yao imefika. Mwezi huu tulipokuwa tunaandaa orodha, mama mmoja akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mwaka huu msiniandike. Mtoto wangu walimwonyesha ile picha shuleni." Njaa anayo, lakini ameona bora akae nayo.

Tumezoea kuuliza, sadaka itolewe kwa siri au kwa wazi? Al-Baqara aya ya 271 imeshajibu: ya wazi ni njema, na ya siri anayopewa fukara ni bora zaidi. Kwa hiyo anayetoa hadharani hajakosea, na pengine anawaamsha wengine. Ila nadhani swali letu limekaa upande mmoja. Tunamuuliza mtoaji tu. Mpokeaji je?

Chukua mfano wa familia ya Karimjee Jivanjee. Ni Waislamu, Mabohora wenye asili ya Kutch kule India, na biashara yao ilianza Unguja mwaka 1825. Ukumbi wa Karimjee pale Dar es Salaam waliutoa kwa mji miaka ya 1950. Bunge letu lilikaa humo miaka mingi kabla ya kwenda Dodoma, na hadi leo viongozi wakifariki wengi huagwa pale. Jina la mtoaji liko wazi kabisa. Sasa niambie, nani ameaibika kwa jina lile? Anayeingia ukumbini haulizwi kama ni tajiri au maskini.

Unguja mambo yalikuwa tofauti. Hospitali ya Mnazi Mmoja iliwahi kuitwa Karimjee Jivanjee. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina likatolewa, ikaitwa V. I. Lenin, kisha ikawa Mnazi Mmoja kama tunavyoijua. Wanaotibiwa hapo leo wengi hawajui habari hiyo, na wanatibiwa vile vile. Kama thawabu ilikuwa kwenye kibao, basi iling'olewa pamoja na kibao. Lakini sisi tunaamini sadaka yenye kuendelea haikai ukutani.

Na siku hizi taasisi yao ya hisani, Karimjee Jivanjee Foundation, inawalipia chuo kikuu vijana wanaoshinda mashindano ya Young Scientists Tanzania, yale ya wanafunzi wa sekondari kuonyesha tafiti zao. Hapo utaniambia, mbona hao nao wanapigwa picha? Ni kweli, wanapigwa. Lakini kijana yule anasimama mbele ya watu kama mshindi. Ada inalipwa, na mzazi wake anaibandika ile picha sebuleni. Picha niliyopiga mimi, nani angeibandika sebuleni kwake?

Tofauti iko hapo. Kuonekana kwenyewe siyo tatizo. Tatizo ni mtu kuonekana kwa ajili ya shida yake. Al-Baqara hiyo hiyo, aya ya 264, inatuonya kwamba masimbulizi na maudhi yanaibatilisha sadaka. Zamani simbulizi lilikuwa la mdomo, linasahaulika. La simu halifutiki. (Na sisi wa kilo mbili za sukari ndio tunaotaka picha tatu!)

Mchangiaji ana haki ya kujua pesa yake imekwenda wapi, hilo silipingi. Ila haki yake ni hesabu. Sura ya mtu haimo.

Kwa hiyo mwaka huu tumekubaliana na wazee hivi. Risiti za dukani na idadi ya mifuko vitabandikwa mlangoni. Mifuko itapelekwa majumbani baada ya tarawehe, na watu wawili tu wenye orodha. Mchangiaji anayetaka jina lake litajwe, aseme, tutalitaja. Na wale watoto wawili wa sekondari tunaowachangia sare na madaftari, tutawakabidhi kama zawadi ya kumaliza juzuu, kwa sababu kweli wamemaliza.

Yule mama nimemwomba radhi, akanyamaza kidogo, kisha akakubali tumwandike. Zile picha za mwaka jana nimezifuta humu. Zilizokwisha kusambaa siwezi kuzirudisha. Kama unayo hata moja kwenye simu yako, tafadhali ifute kabla ya kufuturu leo.