Jina Katika Daftari, na Saa za Binti

Mzazi akiulizwa kama ametimiza wajibu wake, aweza kujibu pasipo kusema uongo: Wote wawili nimewaandikisha shule, wa kiume na wa kike. Jina la binti limo katika daftari la mwalimu, sare anayo, ada hadaiwi. Twauliza: je, haki imetendeka?

Nchi yetu imejitahidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa shule awe darasani. Ada ilirudishwa katika miaka ya 1980, ikaondolewa tena mwaka 2001. Leo, katika shule nyingi za msingi, wasichana hawapungui wavulana. Mlango u wazi. Lakini daftari lahesabu vichwa tu, halihesabu saa.

Tazama nyumba isiyo na bomba. Alfajiri binti aenda kisimani. Akirudi afagia ua, amwogesha mdogo wake, ndipo akimbilia shule, naye afika amechelewa na pengine huchapwa. Jioni zamngoja kuni, jiko na vyombo. Kaka yake, mtoto wa tumbo lile lile, ameketi penye taa na kitabu chake. Mtihani wa mwisho ukija, kaka hufaulu, na watu husema kwa utulivu kabisa ya kuwa wasichana hawana akili ya hesabu. Kwanza wamemnyang'anya mtoto wakati wake, kisha wamlaumu kwa kukosa matunda ya wakati huo.

Wengine husema: Huyu ataolewa, elimu yake itafaidi ukoo mwingine. Asemaye hivyo ampima binti yake kama apimavyo ng'ombe wa maziwa, akiuliza atakamuliwa katika zizi la nani. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya Desemba 1965, ulikataa ubaguzi huo kuwa ni kinyume cha nia ya Mungu, nao ulitaja waziwazi mwanamke anyimwaye elimu iliyo sawa na ya mwanamume. Haukuuliza elimu hiyo itamfaidia nani. Ni haki yake kwa kuwa yeye ni mtu. (Nasi Wakatoliki tusijivune: siku za misheni, mahali pengi shule za wavulana zilitangulia, maana walitafutwa makatekista na makarani.)

Hapo mama atatujibu kwamba kazi ya nyumbani nayo ni malezi, na kwamba yeye mwenyewe amechoka. Asema kweli. Katika Injili ya Luka, Maria aliketi miguuni pa Bwana, ndipo mahali pa mwanafunzi, na Bwana hakukubali aondolewe. Wahubiri wengi humwonea Marta, nasi twamhurumia. Maana kuachwa peke yake na kazi yote ni jambo zito, na chakula hakijipiki. Hatusemi maji yasichotwe. Twasema hakuna amri ya Mungu wala ya Kanisa iliyoifanya ndoo kuwa mali ya binti. Mvulana wa miaka kumi ana mikono miwili, na baba yake vilevile.

Kesho alfajiri, baba, uwaamshapo watoto, ndoo mbili na zitoke mlangoni, kila mmoja na yake. Na jioni wote wawili wakae penye taa ile moja.