WIMBO ULIOPEWA BURE



Tunataka kuongea nanyi juu ya neno lililoisumbua korale yetu. Mama mmoja alipokea wimbo usiku, katika maombi, siku chache baada ya kumzika mtoto wake aliyefunikwa na udongo katika shimo la machimbo. Tuliuimba kwenye mkesha. Kijana mmoja aliurekodi kwa telefone, akawatumia rafiki zake kwa WhatsApp. Mwezi haujaisha, ukarudi kwetu kutoka Lubumbashi: ngoma za mashine chini yake, sauti ya mtu mwingine, na ubeti wa mtoto umekatwa. Ulikuwa unapigwa katika nganda, watu wanakunywa pombe. Mama akalia.

Je, ameibiwa? Wengine wanatukumbusha neno la Bwana juu ya kupokea bure na kutoa bure. Wimbo hakuutunga, alipewa. Basi analia nini? Sisi pia tulisema hivyo mwanzoni.

Lakini wazee wanamkumbuka Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, katika jimbo letu hili la Lualaba. Mwaka 1952 Mzungu Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akanasa gitaa lake katika mashine. Sahani za gramafoni zikavuka mipaka, na mwaka 1959 Bosco alipofika Nairobi, wapiga gitaa wa kule waliiga mapigo yake. Walijua ni ya nani, kwa maana wimbo ulitembea na jina lake. (Nani alikula feza nyingi, hilo ni jambo lingine.)

Telefone inaacha jina njiani. Wimbo unapita mikono mia, na kila mkono unaweza kukata. Hata betri yake ina kobalti, pengine ya hapa Kolwezi, iliyoondoka bila jina la mchimbaji.

Kutoa bure ni kutoa kitu kizima. Aliyekata ubeti wa mtoto aliondoa ushuhuda, akagawa ganda. Kosa tunaliona hapo, si katika kusambaza. Telefone hiyo hiyo imewafikishia nyimbo zetu ndugu walio Zambia, nasi tulifurahi.

Tulimwuliza mama anataka nini. Hakutaka franka. Alitaka wimbo urekodiwe tena, na jina la mtoto litamkwe kwanza. Jumapili tukafanya hivyo, chini ya mwembe. Kijana yule yule ndiye aliyeshika telefone.