Aliyefumbata Vijiti Kifuani

Somo: Ayubu 2:11–13

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1973, katika ukumbi wa Concertgebouw jijini Amsterdam, kundi la Waingereza liitwalo King Crimson lilifika mahali katika onyesho lao ambapo hakuna aliyejua kitakachofuata. Huo ndio uliokuwa utaratibu wao: kati ya nyimbo zilizofanyiwa mazoezi waliacha nafasi ya kubuni papo kwa papo mbele ya watu. David Cross alikuwa na fidla, John Wetton gitaa la besi, na Robert Fripp alikuwa kwenye Mellotron, kinanda kinachotoa sauti za ala nyingine zilizorekodiwa kwenye kanda. Watatu hao wakaanza kitu cha taratibu sana. Wa nne, mpiga dramu Bill Bruford, aliketi nyuma ya ngoma zake akisikiliza na kutafuta pa kuingilia. Hakupaona. Akavifumbata vijiti kifuani, mikono imepishana, akakaa hivyo zaidi ya dakika tano mpaka muziki ukaisha. Hakugusa hata toazi moja.

Rekodi ya usiku ule iliingizwa kwenye albamu ya Starless and Bible Black iliyotoka mwaka 1974, ikapewa jina la Trio, kwa kuwa waliosikika ni watatu. Lakini ukisoma orodha ya watunzi unakuta majina manne. Wenzake waliona kwamba kujizuia kwake kulikuwa sehemu ya utunzi. Lau angepiga, hata kwa ulaini namna gani, wimbo ule usingekuwepo. Basi jina lake likaandikwa pamoja na ya waliopiga.

Ndugu zangu, wapo watakaouliza tafakari ya wiki inahusiana vipi na wanamuziki wa roki. Nawaomba mvumilie, kwa sababu sijaona mfano wa karne iliyopita unaonisaidia zaidi kuielewa ile aya ya 13 ya Ayubu.

Lazima kwanza tumjue mtu mwenyewe. Kunyamaza kwa asiyejua kitu si habari. Bruford alizaliwa mwaka 1949 huko Sevenoaks, kusini mashariki mwa Uingereza, akakua akiwasikiliza wapiga dramu wa jazi. Mwaka 1968, akiwa na miaka 19, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Yes jijini London. Walipiga ule muziki wa roki unaoitwa progresivu: nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, na mapigo ambayo hayatulii kwenye hesabu ya nne tuliyoizoea, bali hurukia tano, saba, kisha hurudi. Mpiga dramu wa namna hiyo hana pa kujificha. Akikosea hesabu, wote wanapotea. Bruford hakukosea, na dramu yake ndogo ya mbele ilikuwa na mlio mkavu wenye mwangwi ambao wapenzi wa muziki huo wanautambua hata redio ikiwa chumba cha pili.

Mwaka 1972 Yes walirekodi albamu ya Close to the Edge, ambayo wimbo wake mmoja unajaza upande mzima wa santuri. Wengi wanaihesabu kuwa kilele cha muziki wao. Hapo hapo, kabla albamu haijafika madukani na ziara ya Marekani ikiwa mlangoni, Bruford akaondoka. Mahali pake pakachukuliwa na Alan White, ambaye alikuwa na siku chache tu za kujifunza nyimbo zote. Bruford akaenda King Crimson, kundi lenye mapato madogo na mashaka makubwa, kwa sababu alitaka kuendelea kujifunza.

Na huko alimkuta mwalimu. Kundi lilikuwa na mpigaji wa pili, Jamie Muir, mtu aliyepiga minyororo, mabati na vyuma chakavu pamoja na ngoma. Bruford amesimulia mara nyingi jinsi Muir alivyomfungua macho: kwamba muziki haukuwekwa duniani ili umtumikie yeye, yeye ndiye aliyewekwa autumikie muziki. Kwa kijana wa miaka 23 aliyeshangiliwa na maelfu, neno hilo lilikuwa gumu. Mapema mwaka 1973 Muir aliacha muziki akaenda kuishi katika monasteri ya Kibudha huko Uskochi. Miezi michache baadaye ndipo ukaja usiku wa Amsterdam. Mimi naamini mbegu ya ukimya ule ilipandwa na Muir.

Sasa fungueni Ayubu. Elifazi Mtemani, Bildadi Mshuhi na Sofari Mnaamathi wanasikia habari za mwenzao. Wanapatana, wanafunga safari kila mmoja kutoka kwao. Wakiwa bado mbali wanainua macho na kushindwa kumtambua. Wanalia, wanararua mavazi, wanajirushia mavumbi vichwani. Kisha wanaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, na hakuna anayemwambia neno, maana wameona jinsi maumivu yake yalivyo makubwa.

Tumezoea kuwasema vibaya marafiki hawa, na mwishoni mwa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea. Lakini anawakemea kwa waliyoyasema. Zile siku saba hazina lawama. Walikuwa watu wenye elimu, wenye umri, wenye maneno mazuri ya kutosha kujaza sura nyingi. Yote hayo waliyafumbata vifuani kwa juma zima. Hiyo ndiyo huduma bora waliyompa Ayubu, na laiti siku ya nane wangeinuka, wakamkumbatia na kurudi makwao, tungewapa watoto wetu majina yao.

Nawaambieni kwa uchungu: katika misiba yetu siku ya nane huja mapema mno. Huja pale mlangoni. Mama amempoteza mwanawe alfajiri, na kabla jua halijawa kali ameshaambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba Bwana alimpenda zaidi, kwamba asilie sana, kwamba bado ni kijana atapata mwingine. Anayesema hana ubaya. Mara nyingi ukimya wa aliyefiwa unamtisha, naye anaujaza haraka ili apumue. Sisi watumishi ndio wa kwanza kwa hilo, kwa kuwa tumefundishwa kuhubiri, na mtu aliyefundishwa kupiga anawashwa mikono.

Lakini nimeona pia kinyume chake. Katika nyumba moja ya msiba nilimwona mama mmoja, jirani tu, ameketi kwenye mkeka karibu na mjane. Hakuimba, hakuomba kwa sauti. Mjane alipojaribu kuinuka, aliinuka naye. Alipokaa, alikaa. Kikombe cha chai kilipoletwa alikishika yeye kwanza mpaka kikapoa kidogo, ndipo akakiweka mikononi mwa mwenzake. Wahubiri walipita, nikiwamo na mimi, na ibada zikafanyika. Baadaye mjane alipowashukuru waliomsaidia, jina la yule mama ndilo lililotangulia.

Hapa niweke tahadhari, maana ukimya nao una namna zake. Bruford hakutoka jukwaani akaenda kuvuta hewa. Alibaki kwenye kiti chake, vijiti mkononi, sikio wazi, tayari kupiga wakati wowote muziki utakapomhitaji. Asiyefika msibani hanyamazi, hayupo. Na anayemwona mtoto akipigwa, au mjane akinyang'anywa shamba na shemeji zake, kisha akafunga mdomo, huyo ameukimbia muziki unaomwita kwa jina. Manabii walipiga kelele mahali kama hapo, na kanisa halina ruhusa ya kufanya vingine.

Maisha ya Bruford baada ya hapo yalikuwa marefu. King Crimson ilivunjika mwaka 1974. Mwaka 1976 alipiga na Genesis ziarani. King Crimson ilipofufuka mwaka 1981 kwa albamu ya Discipline, Fripp alimtaka apunguze matoazi, jambo linalomsumbua mpiga dramu yeyote, naye akatafuta sauti nyingine mahali pake. Mwaka 1986 akaunda kundi lake la jazi, Earthworks. Mwanzoni mwa 2009 aliacha kupiga hadharani, akaingia darasani, na mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Surrey kikampa shahada ya uzamivu kwa utafiti kuhusu ubunifu wa wapiga dramu. Miaka zaidi ya kumi alikaa bila jukwaa. Kisha, akiwa amepita miaka 70, akarudi kupiga jazi na wenzake wawili katika kumbi ndogo.

Naomba niseme na vijana wanaopiga dramu na vinanda katika kwaya zetu. Nawapenda, na najua mnavyofika mapema Jumamosi kufunga spika na kubeba vyombo. Jifunzeni zile hesabu ngumu, tano na saba, mpaka ziwe nyepesi miguuni na mikononi. Lakini mshiriki wa kanisa anapotoa ushuhuda na sauti ikaanza kumkatika, msimsindikize. Mwacheni alie mbele ya kanisa lake bila kinanda chini yake. Inapofika sala ya toba, toeni mikono kwenye vyombo. Hiyo nayo ni zamu yenu, na wazee wa kanisa waihesabu hivyo wanapowashukuru.

Wazee nao nina neno lao. Mwaka huu wapo waliokuja kwenye vikao vyetu wakiwa na hoja ya kumwangusha mwenzao mbele ya wote, wakaimeza kwa ajili ya amani ya usharika. Taarifa ya mwaka itaorodhesha waliotoa mabati na waliotoa saruji. Hawa hatuna safu yao. Tafuteni namna ya kuyaandika majina yao, kama King Crimson walivyoliandika jina la nne.

Na kwa kila msomaji: wiki hii mkumbuke mtu mmoja ambaye tanga lake limeshaanuliwa, wageni wameondoka na simu zimepungua. Nenda ukakae naye saa nzima. Usiandae aya. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuomba umwombee, omba kwa ufupi, kisha uendelee kukaa. Bwana awatangulie.