Nakunywa Mbege Tu

Daktari aliniuliza kama nakunywa pombe, nikamjibu hapana. Mke wangu, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, akageuka kunitazama. Nikaongeza haraka: "Nakunywa mbege tu, daktari. Napika mwenyewe nyumbani."

Sikuwa namdanganya. Niliamini nilichokisema, na ni imani hiyo hasa ninayotaka kuizungumzia leo.

Kipimo cha presha kilikuwa kimesoma 158 kwa 96. Majibu ya damu yalionyesha kwamba ini nalo lina malalamiko yake. Daktari mwenyewe, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, hakunikemea. Aliuliza tu: "Siku unayokunywa, unakunywa lita ngapi?" Nikazifikiria Jumamosi zangu, nikasema tatu. Akachukua kalamu. Tuseme mbege yako ina kilevi cha asilimia 4, akasema. Lita 3 zina mililita 120 za kilevi kitupu. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye kilevi cha asilimia 5, ina mililita 25. "Kwa hiyo, baba, Jumamosi unakunywa karibu chupa tano. Na Jumapili?"

Jumapili nilikuwa namalizia ndoo. Jumatatu jioni, kama kimebaki kitu, sikukiacha kiharibike.

Akaandika kwenye kadi yangu: miezi mitatu bila kilevi cha aina yoyote, kisha nirudi tupime upya. Hiyo ilikuwa Oktoba mwaka jana.

Nimepika mbege hapa Kimara kwa miaka kumi na minne, na sijauza hata kikombe kimoja. Kwetu Kibosho kupika ni kazi ya akina mama, nami nilijifunza kwa mama nikiwa mchochea kuni. Nilipohamia Dar es Salaam nikaona mikono yangu inaikumbuka kazi ile kuliko nilivyodhani. Ndizi mbivu nanunua soko la Mabibo, kwa mkungu. Nazimenya, nazichemsha kwa kuni mpaka zinageuka rangi ya matofali, halafu naziacha zilale siku kadhaa. Ulezi nao una safari yake. Unalowekwa usiku kucha, unatandazwa kwenye gunia lenye unyevu, unafunikwa. Siku ya tatu ukifunua unakuta vimizizi vyeupe vimeshikana. Ukinyanyua pembe moja, utando wote unanyanyuka kama mkeka. Hicho ndicho kimea. Kinaanikwa, kinasagwa, kinapikwa uji. Uji ukipoa unachanganywa na maji ya zile ndizi yaliyochujwa, na gome la msesewe ninalotumiwa kwa basi kutoka Moshi linatia uchungu wake. Usiku huo ndoo inaanza kusema. Ukiinamisha sikio unasikia povu likipasuka polepole, na nyumba nzima inanukia kihamba cha mama, shamba lake la migomba.

Naeleza yote haya ili ieleweke kwa nini sikuihesabu kuwa pombe. Pombe kwangu ilikuwa kitu kilichotoka kiwandani, chenye chupa na lebo. Machi 2017 Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali, nilishangilia kwa dhati, kwa sababu niliona vijana wa mtaani wanavyoteketea. Wakati nashangilia, ndoo yangu ilikuwa jikoni. Chupa ya dukani ina namba ya asilimia ubavuni. Ndoo ya nyumbani haina. Ukishaotesha kimea kwa mikono yako, ukapuliza moto machozi yakakutoka, ni vigumu kuamini kwamba kilichotoka hapo kinaweza kukudhuru. Nadhani si Wachagga peke yetu. Anayegema ulanzi Iringa, mwenye rubisi yake Kagera, mwenye mnazi wake Pwani, wote nimewasikia wakisema neno lile lile: hii ni ya asili. Ya asili ni kweli. Lakini kilevi kilichomo ndani ni kile kile cha kwenye kiroba, na ini halina habari kimetoka wapi.

Kuna jambo moja linalohusu ini ambalo mpishi yeyote wa pombe ataliona upesi. Mbege ukiisahau kwenye dumu inageuka siki. Vijidudu vinakila kilevi na kukigeuza kwa hatua mbili: kwanza kinakuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha asidi ile ile ya siki. Ini linapita njia hiyo hiyo. Kila kata tunayokunywa, ini linaigeuza kwanza kuwa sumu ndipo liigeuze kuwa kitu ambacho mwili unaweza kukitumia. Ikija kata juu ya kata, sumu inajazana. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya kilevi kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988, na Januari 2023 shirika hilo likasema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Nilikuwa sijui. Ningejua, nadhani ningesema wanazungumzia bia.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema anayenipenda, alikuja na hoja nzito zaidi. "Mangi, si mnatia msesewe? Msesewe ni dawa ya presha. Daktari amekukataza dawa." Nilikwenda kuisoma hoja hiyo kwa makini kwa sababu, nakiri, nilitamani iwe kweli. Na ina mzizi wa kweli. Kutokana na ndugu wa msesewe aotaye India, wanasayansi walipata mwaka 1952 dawa ya presha iitwayo resapini. Lakini dawa hiyo hupimwa kwa robo ya miligramu, au chini yake. Ndani ya ndoo yangu nani amepima? Na nani ameondoa kilevi kinachoipandisha presha ile ile? Nilimshukuru jirani, nikamwambia siendi huko.

Kilichoniumiza hakikuwa kiu. Kiu ilinisumbua wiki mbili za mwanzo, zaidi jioni, kisha ikalegea. Kilichoniumiza ni Desemba.

Desemba tunapanda nyumbani kama Wachagga wote. Mama, pamoja na umri wake, alikuwa amepika. Kwetu kuna utaratibu: kabla ya kata kuzunguka, mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone hakuna ubaya ndani. Tangu baba afariki, kazi hiyo ni yangu kama mwana wa kwanza. Wageni wakaketi chini ya migomba, mama akachota, akaja nayo kwa mikono miwili mpaka mbele yangu. Povu lilikuwa bado linazunguka katikati ya kibuyu. Nikasema: "Mama, daktari amenipumzisha."

Kimya kikaingia. Baba mdogo akasema, si kwa ubaya: "Tangu lini mtoto akakataa kata ya mama yake?"

Mama hakumtazama. Alisema, "Hajakataa, shemeji. Mgonjwa haonji." Akampa mdogo wangu kata, mdogo wangu akaonja, ikazunguka.

Sikuwahi kuitwa mgonjwa nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Neno lile lilinikaa kifuani siku nzima. Lakini nilipolitafakari usiku niliona mama amenifanyia jambo kubwa. Alinitoa mbele ya watu bila kunivunjia heshima, na wala hakuivunja mila. Mila yenyewe ilikuwa na nafasi ya mgonjwa. Ni mimi niliyekuwa siioni. Tunapenda kusema tunakunywa kwa sababu ya mila. Wenye mila zao, kina mama waliozipika hizo pombe miaka yote, wengi wao nimewaona wakionja kidogo na kurudi jikoni.

Niliporudi Kimara niliamua kutokufunga baraza langu la Jumamosi. Huja Mpare mmoja, Mnyakyusa mmoja, yule jirani wa msesewe, na mzee wetu wa Tanga ambaye hajawahi kunywa kilevi maishani mwake na hajakosa Jumamosi hata moja labda awe safarini. Kwa miaka kumi na minne mzee huyu alikuja na birika lake la chai ya tangawizi, nasi tukalichukulia kuwa jambo la kawaida. Safari hii nilikaa kando yake na kikombe mkononi, nikamuuliza, "Mzee, siku zote ulikuwa unafuata nini kwetu?" Akashangaa swali. "Nawafuata ninyi," akasema, akanimiminia chai.

Mikono haikutaka kukaa bure. Mke wangu ni wa Songea, na kwao kuna togwa. Nilikuwa nimekinywa kinywaji hicho harusini na kwenye misiba bila kujua kwamba kinatokana na kimea kile kile ninachokiotesha. Akanifundisha. Unapika uji wa mahindi mzito, unauacha upoe mpaka kidole kivumilie, unatia unga wa kimea na kukoroga. Hapo ndipo nilipostaajabu: ndani ya muda mfupi uji mzito unalegea mbele ya macho yako kama uliotiwa maji, na ukiuonja umekuwa mtamu bila hata chembe ya sukari. Kimea kinavunja wanga kuwa sukari. Miaka yote hiyo kilikuwa kinanifanyia kazi hiyo ndani ya mbege, nami sikupata kuiona kwa sababu nilikuwa naisubiri chachu. Sasa naiwahi. Togwa ikipata uchachu mwepesi naiweka kwenye friji na inanywewa siku hiyo, kwa maana ukiilaza sana inaelekea kule kule. Watoto wangu, ambao kwa miaka yote walifukuzwa karibu na ndoo, sasa ndio wanaokoroga.

Mwishoni mwa Januari nilirudi hospitali. Presha ilisoma 134 kwa 84. Majibu ya ini yalikuwa yameshuka karibu na kawaida. Nilikuwa nimepunguza chumvi pia na kutembea kila asubuhi, kwa hiyo siwezi kuibebesha mbege lawama yote. Daktari aliniongezea miezi mitatu mingine. Sijui baada ya hapo nitaamua nini, na sijaahidi mtu. Vyombo vyangu ni safi, na gome la msesewe liko kwenye bati juu ya kabati.

Kwako msomaji nina maombi mawili. Kama unakunywa kila siku, hasa kama mikono hutetemeka asubuhi kabla hujapata kidogo, usikate ghafla ukiwa peke yako. Wapo wanaopata degedege, na wapo wanaopoteza maisha. Nenda hospitali kwanza, uache ukiwa chini ya uangalizi. Na daktari akikuuliza kama unakunywa, usijibu kama nilivyojibu mimi. Mtajie na ile ya nyumbani, na umwambie ni lita ngapi.