Upendo Uliozaliwa Katika Kulea



Tangu kambi yetu ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, tumeona watoto wengi wakilelewa na wasio ndugu zao. Vita hutenganisha watu, mama hufia njiani, jirani humpokea mtoto. Mara nyingine kijana na binti wa jirani hujikuta wanamlea kichanga mmoja. Huyu anatafuta kuni, yule anapika uji. Homa ikimpanda mtoto usiku, wote wawili wanakimbia naye zahanati. Baada ya miezi kadhaa tunasikia kwamba wanapendana.

Wapo wanaowanong'ona bombani. Sisi tunasema upendo huu usidharauliwe. Aliyeona uvumilivu wa mwenzake mtoto akilia usiku kucha, amemjua kuliko yule aliyeona nguo zake za Jumapili tu.

Lakini, vijana wetu, tunawauliza swali gumu: ndugu za mtoto wakipatikana kesho, mtampeleka kwao? Na akiisha kwenda, ninyi wawili mtabaki mkipendana?

Tukisoma Kitabu cha Ruthu, tunamwona Naomi, aliyekimbia njaa Bethlehemu akazika mume na wana wawili ugenini Moabu. Aliporudi, Ruthu mkwewe alifuatana naye. Boazi alipokubali kumwoa Ruthu, alijua kwamba yupo jamaa wa karibu kuliko yeye, mwenye haki ya kumtangulia. Hakumficha Ruthu habari hiyo. Alikwenda langoni, akaketisha wazee kumi, akamweleza yule jamaa jambo lote. Siku ile angeweza kumkosa Ruthu. Yule alipokataa, ndipo Boazi akaoa kwa moyo mweupe. Obedi alipozaliwa, Naomi alimpakata, akawa mlezi wake. Huyo Obedi ndiye babu yake Daudi.

Basi tufanye vivyo hivyo. Kwanza, mtoto aandikishwe kwa jina lake na la wazazi wake kama yanajulikana, ili wanaomtafuta wampate. Kumficha kwa kuogopa atachukuliwa si kumpenda. Huenda yuko bibi anayemlilia mahali. Pili, njooni kwa wazazi na wazee wa kanisa kabla ya kuishi nyumba moja. Tunajua mahari ni ngumu kwa mtu anayeishi kwa mgao, lakini wazee wapo ili wazungumze. Tatu, mkijaliwa watoto wenu, yule wa kwanza asigeuzwe mchota maji wa nyumba. Yeye ndiye aliyewakutanisha.

Na ikiwa siku moja atarudi kwao, sisi kanisa tutawasindikiza hadi kwenye gari. Tutalia pamoja nanyi, na tutamshukuru Mungu pamoja na bibi yake.

Bwana awatie nguvu ninyi nyote mnaolea. Amina.