Je, Kuingia Ndiko Kufaa?

Fundi wa Mchikichini afufuapo injini ya gari la zamani, tuseme Land Rover ya mwaka 1958, hutafuta vipuri Gerezani na Kariakoo. Akipata pistoni iliyo pana kidogo, mwenye gari humhimiza, "Itie tu, fundi, mradi yaingia." Je, atii?

Twasema, asitii. Pistoni ya alumini hutanuka kwa moto kuliko silinda ya chuma. Ikikosa nafasi ya unywele mmoja hukwama njiani, na abiria hawakuwapo wale wawili walipopatana. Ikilegea mno, injini hula oili. Basi apime, silinda ichongwe ilingane na pistoni, au aseme wazi, "Haifai." Kunyamaza ili kumpendeza mtu si upole, ndugu wasomaji, ni kumwuzia hatari.